Madoa Meupe Katika Matete

Kuna wanawake wanaosifika kwa mapishi, na kuna wanaosifika kwa ulimi. Huyu alisifika kwa brashi. Mtaa mzima, mkubwa kwa mdogo, walimwita Mama Brashi, na hata wanawe waliokwisha kuwa na nyumba zao, wakipiga simu waliuliza, "Mama Brashi hajambo?" Brashi yenyewe ilikuwa nyembamba, ncha yake nywele sita au saba, ukiiona mezani ungedhani mguu wa panzi. Aliilamba kwanza, akaichovya kwenye wino wa rangi ya majivu, akaigusisha kwenye kucha ya kidole gumba ili wino upungue, ndipo akagusa picha. Akiigusa, doa halipo.

Mumewe alikuwa mpigapicha. Nyumba yao ilikuwa vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa: mbele studio yenye kiti kimoja na pazia, katikati chumba cha giza chenye taa nyekundu na harufu ya dawa, nyuma chumba chenye dirisha kubwa na meza ya Mama Brashi. Mume alipiga na kusafisha. Mke alikausha, alinyoosha na kugusa. Picha za filamu, uzipulize usizipulize, punje ya vumbi haikosi, na punje moja ya vumbi kwenye filamu inatoka doa jeupe kwenye karatasi. Madoa hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Hayo, na mengine ambayo watu walimwomba kwa kunong'ona.

"Mama Brashi, nitolee na kovu hili."

"Nitakutolea. Ila ukifika nyumbani usitazame kioo, mtagombana."

Fundi cherehani wa nyumba ya pili, shoga yake wa miaka mingi, alikuja siku moja kashika kiuno kwa mkono huu na picha kwa mkono huu.

"Shoga, humu nimekuwa mdogo kuliko binti yangu! Mume wangu akiiona atauliza huyu yuko wapi."

"Mwambie yumo humo humo ndani yako, amefungiwa na vitafunio."

Ndivyo alivyoishi miaka thelathini na nane, akiwafichia watu aibu zao ndogo kwa mkono mwepesi, bila kumtangaza mtu. Hakuwahi kuona kwamba ni uongo. Kwake ilikuwa huruma.

Mume naye watu walimwita Mzee Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa kwenye kiti chake: tulia, tulia, tulia hivyo hivyo. Lakini moyo wake haukuwa kwenye kiti kile. Ulikuwa kwenye kinamasi.

Kinamasi kilikuwa nyuma ya vilima, mwendo wa saa mbili kwa mguu: maji yaliyotulia kuliko mteja yeyote, matete marefu kuliko mtu, na ukungu wa asubuhi uliokaa juu yake kama shuka juu ya mgonjwa. Kwenye mteremko wa kilima palikuwa na jiwe pana. Mzee Tulia alibeba kamera yake kubwa ya miguu mitatu, akasimama juu ya jiwe lile lile, saa ile ile, akapiga picha moja. Moja tu, akarudi. Alifanya hivyo kila mwezi, miaka ishirini na sita, mpaka masanduku ya bati yakajaa: maji yamepanda, maji yameshuka, matete mabichi, matete yamekauka kama manyoya ya simba, wingu limelala, wingu limeondoka.

Watu walimcheka. "Mzee Tulia, hivi matete nayo yanataka pasipoti?"

"Yanataka," alijibu. "Ila hayajaambiwa yanasafiri lini."

Hata mkewe alimtania. "Karibu picha mia tatu za mahali pamoja. Hujachoka?"

"Mbona wewe nakutazama kila siku?"

"Mimi nimechoka kutazamwa tangu mwaka wa kwanza."

Wakacheka mpaka mteja aliyekuwa mbele akakohoa ili wamkumbuke. Kufika kinamasini, Mama Brashi hakuwahi. Leo magoti, kesho wateja, keshokutwa mvua. "Matete nayaona hapa mezani," alikuwa akisema. Na kweli, hakuna hata picha moja ya matete ambayo haikupita mkononi mwake ikatolewa vumbi.

Kila mwaka palikuwa na wiki sita, baada ya mvua kubwa, ambazo mzee hakupiga picha. Alikwenda, lakini kamera aliiacha. "Njia imejaa maji, nitaiangusha," alimwambia mkewe, naye akaamini. Kwa nini asiamini?

Ukweli ulikuwa mwingine. Zamani, mwalimu mmoja mstaafu aliyependa ndege alimshika Mzee Tulia mkono, akamwonyesha kitu katikati ya matete. Korongo weupe. Mahali pengine walikuwa wamekwisha. Hapo walikuja kila mwaka wiki zile sita, wakataga, wakalea, wakaondoka na makinda yao. Mayai yale yalikuwa na wanunuzi. "Ukitaja kiota, umekivunja," mwalimu alisema, na wawili wale wakaapishana wasimwambie mtu, hata wa kitandani. Mwalimu alipofariki, siri ikabaki kwa mmoja. Na mzee alikuwa mtu wa neno lake, wewe. Hata picha hakupiga, ili picha isije ikasema.

Kisha ikaja kampuni ya mashamba. Ilitaka kuchimba mfereji, kukitoa kinamasi maji yote, na kulima. Kamati ya ardhi ikatangaza kwamba mwenye neno alilete, na siku ya mwisho ikawekwa. Sheria, safari hii, ilikuwa upande wa matete: mahali ambapo ndege adimu wanataga, hapaguswi. Ikithibitika tu, katapila zinageuza.

Kamati ilimtuma mtu akaangalie. Alikwenda na viatu vyeusi vinavyong'aa, akasimama ukingoni wakati korongo wameshaondoka, akaona matete, akarudi na viatu vyake vikiwa bado vinang'aa.

Lakini mwaka ule, kwa mara ya kwanza, Mzee Tulia alikuwa amepiga picha katika wiki zile sita. Alisimama juu ya jiwe lake, korongo wakiwa kwenye viota, mbali, wadogo kama punje za ufuta. Moja tu. Aliona heri avunje kiapo kuliko mfereji uvunje kiota. Filamu ile aliificha ndani ya soksi, na soksi ndani ya kiatu cha harusi yake.

Siku moja kabla ya kikao, mchana, aliingia chumba cha giza na karatasi ya mwisho ya ukubwa wa sinia. Alikaa humo muda mrefu. Mama Brashi alimsikia akipiga chafya, au pengine si chafya. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na picha inachuruzika maji mikononi.

"Hii ndiyo ya kesho," alisema. "Ikaushe, inyooshe, uifunge vizuri."

"Kubwa hivi! Unaingiza matete bungeni?"

"Kesho utaona mwenyewe." Alitabasamu kama kijana mwenye barua mfukoni. Ilibaki pumzi moja tu aseme. Lakini miaka yote ile ya kufunga mdomo si kufuli unayofungua kwa kusukuma. Akavaa kofia, akaenda kukata tiketi za basi la alfajiri.

Mama Brashi alikausha, alinyoosha. Akaiweka picha juu ya meza, dirishani, akavaa miwani yake. Akashtuka.

Vumbi! Tena si punje moja wala mbili. Katikati ya matete kulikuwa na madoa meupe, hapa matatu, kule matano, mengine yamekaa mawili mawili, kama mtu aliyekung'utia unga juu ya filamu. Katika miaka yake yote hakuwahi kuona picha ya mumewe yenye vumbi namna ile.

Alikaa akiitazama. Akafikiria macho mekundu. Akafikiria jinsi mzee siku hizi anavyotafuta miwani na miwani iko puani. Moyo ukamshuka. Amezeeka, alijisemea. Amezeeka mume wangu, amesahau hata kupuliza filamu, na kesho anakwenda kusimama mbele ya wakubwa na picha yenye vumbi, wamcheke.

Basi akaamua jambo ambalo mke mwema yeyote angeliamua. Akaamua asimwambie. Angeyatoa madoa yote kabla hajarudi, na mzee asijue kabisa kwamba mkono wake umeanza kumsaliti.

Akailamba brashi.

Ilimchukua saa tatu. Kila doa alilipa rangi ya tete lililo jirani yake. Palipokuwa peusi alikoleza, palipokuwa na mwanga alichanganya wino na mate. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Hakuna bibi harusi aliyewahi kuguswa kwa mapenzi kama yale. Doa moja lilikuwa na kijimkia chembamba kilichopinda juu, kama shingo. Alisita. "Hata unywele umeingia," akasema, akaufuta na wenyewe.

Alipomaliza aliifunga picha kwa karatasi ya kaki na uzi, mafundo mawili. Katika studio yao kulikuwa na mwiko mmoja uliotoka kwa baba wa mzee, naye mpigapicha: picha ikishafungwa, anayeifungua ni yule inayemwendea. Mpigapicha hachungulii tena. Aliyechungulia, walisema, hana imani na mkono wake. Mzee Tulia aliporudi aliipapasa ile karatasi, akauliza, "Iko tayari?"

"Iko tayari."

"Mkono wako naujua," akasema, akaiweka kando ya mlango pamoja na viatu.

Ukumbi wa kamati ulikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Mbele meza ndefu, mwenyekiti katikati, mwanamama mwenye miwani ya mnyororo. Kando yake wakili wa kampuni, kijana nadhifu mwenye kicheko cha karibu. Mama Brashi alikaa benchi la nyuma, mkoba magotini.

Mzee Tulia alisimama, sanduku moja la picha zake za zamani akiwa amelitua mezani. Akasema yote. Akasema korongo, akasema wiki sita, akasema mwalimu na kiapo. Nyuma kule Mama Brashi alisikia maneno yale kwa mara ya kwanza maishani mwake, pamoja na watu baki, na mwanzo lililomjia ni kijiwivu: kumbe alikuwa na siri, mzee huyu! Halafu mzee akasema, "Na ushahidi huu hapa, mheshimiwa. Weupe wao mtauona kama madoa. Chukueni lenzi muwahesabu."

Madoa.

Mkoba ulimteleza magotini ukaanguka. Hakuuokota.

Mwenyekiti alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Akaikunjua karatasi. "Picha nzuri," alisema, na alisema kutoka moyoni. Akachukua lenzi, akainama. Feni ikazunguka, ikazunguka.

"Mzee wangu, ndege wako wapi?"

"Hapo katikati, mheshimiwa. Kushoto kidogo ya palipo na mwanga."

"Sioni."

Wakili akajongea. "Mimi naona vizuri sana. Naona matete. Halafu hapa naona... ngoja... matete. Na huku, kama sijakosea, matete."

Ukumbi ukacheka. Mzee Tulia alikwenda mezani, akapewa lenzi. Aliinama kwa muda mrefu, mgongo wake ukiwa umewaelekea watu, na Mama Brashi aliuona mgongo ule ukielewa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mabega yalishuka, kidogo tu, kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake.

Wakili hakuwa mjinga. Aliinua picha, akailaza upande kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi yote ilimeta, isipokuwa vidoa vidogo vidogo katikati ya matete, vilivyokaa bila kung'aa, kama makovu ya ndui.

"Mheshimiwa, picha hii imeguswa. Imepakwa rangi."

Kicheko kikaisha. Mwenyekiti akavua miwani. "Nani ameigusa picha hii?"

Mzee Tulia aligeuza kichwa. Hakugeuka akamtazama mkewe, aligeuza mpaka sikio tu, kama mtu anayesikiliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Kisha akarudisha uso mbele.

"Mimi," akasema.

"Ulikuwa unafuta nini?"

Mzee aliokota uzi mezani, akauzungusha kidoleni.

"Pengine alikuwa anachora," wakili akasema. "Alianza kuchora ndege, wakaruka kabla hajamaliza."

Watu wakacheka tena, safari hii vibaya. Mzee aliomba apewe mpaka kesho alete filamu yenyewe. Mwenyekiti alitikisa kichwa, na ukimtazama ungeona kwamba hakufurahi. "Leo ndiyo siku ya mwisho, mzee wangu. Na mkono ulioigusa karatasi, nani ataniapia kwamba haukuigusa filamu? Hata hizi za miaka ishirini na sita itabidi niziweke kando."

Inuka, Mama Brashi alijiambia. Inuka useme. Miguu alikuwa nayo, ulimi alikuwa nao, ulimi ambao mtaa mzima uliuogopa. Lakini akiinuka, mzee aliyesema "mimi" atakuwa mwongo mara ya pili, mbele ya watu wale wale. Ndivyo alivyojiambia. Alijiambia hivyo mpaka nyundo ya mwenyekiti ikagonga meza, na baada ya hapo kuinuka kulikuwa kuinuka kwa kwenda nyumbani tu.

Ndani ya basi mzee aliiweka picha magotini, akaishika kwa mikono miwili. Njia nzima alisema neno moja. "Dirisha la nyuma ulilifunga?"

"Nililifunga."

Kesho yake aliitoa filamu kwenye soksi, akatengeneza picha ndogo, kwani karatasi kubwa ilikwisha, akaiambatanisha na barua kwenda ofisi ya juu kabisa. Picha ile hakuipitisha kwenye meza ya dirishani. Aliikausha mwenyewe, na Mama Brashi alimwona akiibana kwenye kamba, asithubutu kusema, "Lete nikusaidie."

Jumatatu iliyofuata katapila zilianza.

Mama Brashi hakuwa na haja ya kwenda kuona. Kazi ya kusugua viatu vya mzee ilikuwa yake, na viatu vilimwambia. Mara ya kwanza vilirudi vimejaa tope, na suruali nayo mpaka magotini. Mwezi uliofuata tope la kifundoni. Mwezi wa tatu udongo uliopasuka, uliobanduka kwenye soli kama maganda. Mwezi wa nne, vumbi. Alikung'uta vile viatu mlangoni, vumbi likapaa, akasimama pale na brashi ya viatu mkononi, akalia kilio cha kukata sauti ili mtu wa chumba cha mbele asisikie. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu. Waliosema hivyo walikuwa wamemwaga mtungi.

Wateja nao walipungua. Neno lilikuwa limerudi na basi kabla ya mzee na mkewe: yule mzee picha zake za kutengeneza. Mtu aliyeondolewa chunusi saba bila kulalamika sasa alisema anataka picha ya kweli. Fundi cherehani alikuja kukaa naye, siku hizo hana utani.

"Shoga, mumeo amepatwa na nini mpaka akaharibu picha yake mwenyewe?"

Mama Brashi alifungua mdomo. "Uzee," akasema. Akajichukia mpaka chini ya nyayo.

Jibu la ofisi ya juu lilikuja likiwa na mhuri na maneno mazuri: picha imepokelewa, ndege wametambuliwa, eneo linastahili kulindwa, mkaguzi anakuja. Mkaguzi akaja kweli, mama wa makamo, na buti za mpira zilizofika magotini. Mzee Tulia alimpeleka mpaka kwenye jiwe. Yule mama aliitazama picha, akalitazama bonde, akaitazama tena picha. "Maji yako wapi?" aliuliza. Jioni mzee alimsimulia mkewe hilo tu, bila kuongeza, kisha akaitundika kamera kubwa kwenye msumari nyuma ya mlango, akaifunika na shuka.

Mvua kubwa zilipopita, asubuhi moja mzee alivaa viatu bila kamera. Mama Brashi alikuwa tayari amekaa mlangoni, kanga kichwani, fimbo mkononi.

"Wapi?"

"Uendako."

"Magoti je?"

"Nimeyaambia yatulie."

Mzee alimtazama, akampa mkono. Saa mbili za mguu ziliwachukua nne. Kilima kile alikipanda kwa kupumzika kila hatua kumi, na alipofika kwenye jiwe alilijua mara moja, kwa maana alikuwa ameyaona yote yanayoonekana kutoka pale, mara mia tatu, mezani kwake. Ukingo ule wa kilima. Lile tuta. Lakini katikati, palipokuwa maji na matete, palikuwa na udongo wa kijivu uliokatwa mistari iliyonyooka, na mfereji ukipita kama kovu ambalo hakuna brashi ya kulitoa.

Wakakaa. Jua likapanda. Kisha mzee akainua kidole.

Walikuja kutoka upande wa mlima, weupe, shingo zimenyooshwa, miguu nyuma. Mama Brashi hakujua ni wakubwa hivyo. Mezani kwake walikuwa ufuta; hapa kila mmoja alikuwa na kivuli, na kivuli kilipita juu ya kanga yake kikiwa na ubaridi. Walizunguka. Wakashuka mpaka karibu waguse udongo, wakapanda tena. Wakazunguka kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta nyumba haipo, akapita mtaa mara mbili tatu, akidhani ni yeye aliyepotea. Mmoja alitua. Alisimama kwenye mstari wa jembe kwa mguu mmoja, akainamisha shingo, akadonoa udongo. Halafu akaruka kuwafuata wenzake, wakaondoka wote, na anga ikabaki tupu kama karatasi.

"Mkono ulikuwa wangu," Mama Brashi alisema.

"Najua."

"Nilidhani ni vumbi. Nilidhani macho yako yamezeeka. Sikutaka wakucheke."

"Najua, mama. Nani mwingine anachanganya wino na mate?"

"Nilikaa kwenye benchi lile, mzee. Nilikaa!"

Mzee alikuwa akiokota vijiwe na kuvipanga juu ya goti lake. "Mimi nilikaa miaka ishirini na sita," alisema mwishowe. "Nililala na wewe kitanda kimoja, nikakuficha ndege. Ningekwambia siku ile mlangoni, neno moja tu. Lilikuwa hapa." Akagusa koo. "Mwalimu alisema ukitaja kiota umekivunja. Mimi nimekivunja kwa kutokitaja."

Hawakusameheana kwa maneno, kwa kuwa hakuna aliyejua aanzie wapi. Walishikana mikono kwenye mteremko ili mmoja asianguke, ndiyo hivyo tu.

Wiki iliyofuata Mama Brashi alimpelekea fundi cherehani kofia ya mzee ikatiwe kiraka, na kabla haijashonwa alimweleza yote, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, wateja wawili wakiwa wamekaa. Shoga yake aliacha kukanyaga cherehani. Jioni ile mtaa mzima ulijua, na Mama Brashi alikuwa ametaka hivyo hivyo. Kwa korongo haikusaidia kitu. Kwa mzee, watu wawili watatu walirudi kukaa kwenye kiti chake.

Yeye mwenyewe alimwomba mumewe jambo moja. Wakaagiza karatasi kubwa, ikaja baada ya mwezi, na mzee akaingia nayo chumba cha giza, na ile filamu ya ndani ya soksi. Picha ikatoka, ukubwa wa sinia. Akaileta ikichuruzika, akaiweka juu ya meza ya dirishani. Mama Brashi aliikausha, aliinyoosha. Brashi ilikuwa kwenye kikombe chake, pale pale, kavu.

Akavaa miwani, akachukua lenzi. Doa la kwanza lilikuwa na shingo. La pili lilikuwa na mbawa nusu wazi. Lile lenye unywele uliopinda juu lilikuwa limeinua mdomo, na chini yake, ukikaza macho, palikuwa na kitu kidogo kinachofungua mdomo pia. Alihesabu kwa kidole, polepole, bila kugusa karatasi.

"Arobaini na mmoja," alisema.

Mzee aliegemea juu ya bega lake. "Wawili. Arobaini na wawili. Huyu wa pembeni umemruka."

Mama Brashi aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye lenzi. Miaka thelathini na nane haikumfundisha mengi, lakini hili alilijua kama anavyojua jina la mama yake. Doa lile halikuwa na shingo. Halikuwa na mguu.

"Hili ni vumbi, mzee."

"Una hakika?"

"Hili nina hakika."

Walilitazama wote wawili, lile doa dogo jeupe lililokaa peke yake mbali na wenzake. Mkono wa Mama Brashi, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshafika kwenye kikombe. Mzee aliuona. Hakuuzuia.

Mama Brashi aliurudisha mwenyewe, akauweka magotini, akaufunika kwa ule mwingine.

"Mwache," alisema. "Mhesabu na huyo."